Goti Lako Si la Kocha

Bellevue, Johannesburg

Mjukuu wangu Zawadi,

Hamjambo huko Hungaria? Msalimie mama yako. Sisi tupo. Baba yako mdogo wa Randburg amezima mashine yake ya kufulia kwa sababu imeanza kunguruma. Anamsubiri fundi.

Ujumbe wako nimeusoma, na hasira haijanitoka. Eti kocha anataka ucheze Jumamosi na goti limevimba, kwa kuwa wewe ni "mashine" ya timu? Halafu unaniuliza kama ucheze!

Nilipokuwa msichana Morogoro, nilikuwa kipa wa mpira wa mikono. Waliniita Ukuta, na jina hilo lilinilevya. Siku ya fainali kidole gumba kilivunjika. Kocha akakifunga kitambaa huku akicheka: "Ukuta hauumwi." Nikarudi golini. Tulishinda. Watu wakambeba kocha mabegani, wakaimba hadi barabarani, mimi nikabaki benchi nikitafuta mtu wa kunifungulia kamba za viatu. Hakuna aliyegeuka. Eish! Mpaka leo nikishindwa kufungua chupa ya asali, namsikia yule mtu akicheka.

Sikukatazi mpira. Umeutolea jasho tangu utotoni mpaka ukavaa jezi ya taifa, nami natamba nayo mtaa mzima. Lakini mwambie huyo kocha wako kwamba kwetu hata mashine ikinguruma huzimwa, ikaitiwa fundi. Na wewe si mashine. Wewe ni mtoto wa watu.

Bibi yako,
Rehema