Slasha Isiyo na Namba

Mulembe, Mwalimu.

Usinikemee kwa kukaa kimya tangu tukuzike. Aibu ilinishika mkono. Lakini wiki hii nimeona kitu, na nisipokuambia wewe nitapasuka.

Kwanza habari mbaya. Timu yako tumefungwa, Mwalimu. Tumefungwa nyumbani, tumefungwa ugenini, tumefungwa hata na wale tuliokuwanga tunawacheka. Hapa Lurambi watu wamegawanyika. Kwa kinyozi wanasema shida ni kocha, yaani mimi, ati nilikuwa beki mzuri lakini kichwa ni cha kuku. Kwa mlango wa kanisa wanasema shida ni wachezaji, vijana wa siku hizi miguu ni chapati. Mimi nilikuwa na wale wa kanisa. Niliandika hata majina ya watu wa kufukuza, na wa kwanza alikuwa Shikuku, namba tatu wako, kwa sababu mabao yote yanapitia upande wake. Karatasi ilikuwa mfukoni, ikingoja kikao cha kamati Jumapili.

Sasa nikuungamie. Mara tu nilipopewa timu, nilifuta ile desturi yako ya wachezaji kufyeka uwanja kila Ijumaa. Unanijua mimi na mdomo wangu. Nilisema mchezaji si kibarua, anachoshwaje na nyasi na kesho yake kuna mechi? Nikamwomba rafiki yangu wa Bukura atuletee mashine ya kukata nyasi. Vijana wakapiga makofi. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walisema, lakini nani alikuwa anasikia?

Ijumaa iliyopita mashine ilikufa. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, na timu ya Khwisero inakuja kesho yake. Nikaenda kwa mkeo, Mama Muhonja, kuomba zile slasha zako, vile vyuma vya kufyekea. Mama alifungua stoo, na hapo zilikuwa, zimeegemea ukuta, kumi na moja, kila moja na namba ya rangi nyekundu kwenye mpini. Miaka yote niliyochezea timu nilifyeka na namba tano, na nilidhani ni ya kuzuia wizi! Ya kumi na mbili haikuwa na namba. Mama akaniwekea mkononi, akasema tu, "Hii ilikuwa yake."

Tukapanga mstari kama zamani, kila mtu na namba ya jezi yake, kila mtu mahali pake pa kuchezea. Vijana wakaanza kufyeka, na wakaanza kuongea. Mwalimu, hawa watu walikuwa wanacheza kimya kama wako matangani! Sasa ni "Niko hapa!", "Rudi nyuma!", "Kushoto kwako!", kwa sababu ukinyamaza na chuma mkononi utamkata mwenzako mguu. Nikasimama na filimbi mdomoni, nimesahau kupuliza.

Halafu nikageuka nyuma. Uwanja mzima ulikuwa umekatwa, isipokuwa ukanda mmoja wa nyasi uliosimama kati ya namba tatu na namba tano, kutoka goli hadi katikati. Pale pale mabao yanapopitia. Haki ya Mungu, nywele zilinisimama. Na Shikuku alikuwa amefyeka sawa, mstari wake umenyooka. Aliyevutwa kulia, akamwacha mwenzake peke yake, ni Lihanda, namba tano, ambaye nilimleta mimi na kumsifu kila mahali. Mtu niliyetaka kumfukuza siye mwenye kosa.

Ndipo nikakukumbuka. Ulikuwanga nyuma ya mstari wetu, umeinama, unakata yale tuliyoacha. Tulisema ni uzee, tukakuachia. Kumbe ulikuwa unasoma mapengo yetu! Halafu kwa chakula ungesema, "Wewe na huyu mtakula sahani moja leo." Tulidhani sahani za Mama zimepungua. Miaka yote hiyo, Mwalimu, ulijua Ijumaa mahali tutakapofungwa Jumamosi, ukapaziba kwa obusuma, ugali wa sahani moja, na hukusema neno. Ulikuwa mtu wa namna gani wewe? Nilikaa chini hapo kwenye nyasi, nikalia kama mtoto.

Basi nikamrudisha Lihanda afyeke ule ukanda pamoja na Shikuku, bega kwa bega. Nikawapa sahani moja. Mwanzoni hawakutazamana. Kufika kwa mboga walikuwa wanabishania paja la kuku.

Hatukushinda Jumamosi, sitakudanganya. Tulitoka sare bila bao. Lakini Khwisero walikuja upande ule wakarudi, wakaja tena wakarudi, na sauti ya Shikuku ilisikika mpaka barabarani. Mzee mmoja alivua kofia, akasema, "Huyu ni Mwalimu amerudi."

Jumapili kwa kikao mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote, shida ni kocha ama ni wachezaji? Ile karatasi nilikuwa nimeshairarua. Nikajibu ni kocha, na si yule tuliyemzika. Nikawaeleza yote. Wakanipa mechi moja, ile ya mwisho ya msimu. Tukifungwa tunashuka daraja, na mimi naondoka.

Naogopa, Mwalimu. Lakini Ijumaa tutafyeka, na mimi nitakuwa nyuma ya mstari, mgongo umeinama, na ile isiyo na namba. Nikishindwa, nitairudisha kwa Mama Muhonja ikiwa imenolewa, na huyo kocha atakayekuja baada yangu nitamshika mkono, nimwonyeshe mahali pa kusimama. Hiyo nakuahidi, hata kama atanicheka.

Pumzika sasa. Umefyeka vya kutosha.

Namba tano wako wa zamani.