Matanga Tuliyoyaondoa kwa Ajili ya Bima

Chaani, Changamwe,
Mombasa.
9 Agosti, 1948.

Mpendwa mwanangu Masha,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, maana nakujua, wewe huandika shida kwanza na adabu baadaye. Marahaba. U mzima? Mkeo Kafedha hajambo? Watoto je, na wale kuku wenu wa Tanga wanaokula kuliko watoto? Sisi huku twapumua. Magoti yangu yamegombana, moja likitaka kwenda jingine lataka kukaa. Mama yako Nyamvula yupo, lakini si yule umjuaye.

Jambo la gari limekwisha. Gari la marehemu ndugu yako Kalama sasa ni lako, na bima yake pia. Usiruke bado, soma mpaka chini.

Wajua Kalama mwanangu alisema kwa kinywa chake, kule hospitali, kwamba gari apewe Masha aliyemfundisha kushika usukani. Mimi nikadhani bima hulifuata gari kama mkia na ng'ombe. Kumbe sivyo! Nilipokwenda kisiwani kwa wakala wa bima, karani mmoja Mgoa akanieleza kuwa bima ni ya mtu, na mtu akifa, mrithi wake aihamishe kabla mwezi wa Julai haujaisha. Ikishakwisha haihamishiki. Nawe bila bima usingevuka mpaka, na kazi ya mkonge umeshaiacha ukilitegemea gari hilo.

"Mrithi ni nani, mzee?"

"Wazee hawajaketi."

"Wataketi lini?"

"Matanga yakiondoka."

"Na yataondoka lini?"

"Kamuulize mke wangu. Mimi namwogopa."

Hakucheka, hanithi yule. Alisema bima haingoji matanga ya mtu.

Wewe ni mtoto wa kwetu, wajua mali ya marehemu hapewi mtu mpaka matanga yaondoke na nywele zinyolewe. Padre hapendi mambo hayo, nami sikumuuliza. Nyamvula alitaka mavuno yapite kwanza. Alikuwa akilala chini, kwenye mkeka, na gari alilifunika kwa kaniki yake asiliguse mtu.

Nikamwambia habari ya bima. Nilianza kwa mzaha, ndiyo njia yangu, nikasema siku hizi hata maiti anatakiwa afanye haraka. Akanitazama.

"Yaani nimwache mwanangu kwa sababu ya karatasi?"

"Kwa sababu ya Masha," nikasema. "Ana watoto."

Akarudi kwenye mkeka wake. Kesho yake, naota jua, akapita na ndoo kichwani. "Haya, waite wazee wako. Na wembe uje."

Alinyolewa Jumamosi. Nikamwambia kichwa chake chang'aa kuliko taa za gari la Fodi. Akacheka, wallahi, akacheka! Kisha kicheko kikamgeuka, akalia mpaka aliyeshika wembe akatoka nje. Mimi nikabaki na mzaha wangu kama mtu aliyeshikishwa kuku mfu.

Wazee wakakutaja wewe. Mzee Ishaka akaenda nami kisiwani kutoa ushahidi. Karani akalipiga mstari jina la Kalama, akaandika lako juu yake, na kwamba bima itafaa hata huko Tanganyika. Mara ya kwanza nilimzika kwa jembe, Masha. Ile ilikuwa ya pili.

Basi njoo ulichukue. Ila nakuomba kitu kimoja. Kalama akifika pale kona ya kisimani alikuwa hupiga honi, na mama yake huteleka chai. Juzi gari la watu lilipiga honi pale pale, akakurupuka akateleka. Ilipochemka akakumbuka. Nikainywa yote, bila sukari. Kwa hiyo ukiliwasha hilo gari, usipige honi mpaka uwe umevuka feri ya Likoni.

Nisalimie Kafedha, na shangazi yako Jumwa, na watoto wote hata yule aliyenivuta ndevu. Mungu awafunike kwa mkono wake, asiutoe.

Wako akupendaye, ingawa hakusifu,
Baba yako,
Baya wa Mwarandu