Piano ya Voi na Mama Mkwe Wangu

Nyumba za Wafanyakazi wa Reli,
Stesheni ya Voi,
14 Januari, 1957.

Mpendwa Dada Mable,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi letu jekundu. Hujambo huko Tabora? Shemeji Zephaniah je, kile kikohozi kimemwacha? Na mtoto, ameshaanza kutembea? Sisi tuko salama. Baba na Mama huko Mbololo ni wazima, na mahindi yao yamesimama vizuri.

Dada, nina habari ambayo ningependa kukusimulia tukichambua maharagwe pamoja. Nimejifunza kupiga piano na kuimba papo hapo. Usicheke.

Kuna piano kuukuu katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Anayeijua ni Bwana Kitheka, fundi wa simu za stesheni, ambaye zamani alipiga muziki Nairobi. Mwezi wa Oktoba nilimsikia akipiga ule wimbo uliojaa kwenye santuri siku hizi, wa mtu anayemngoja mpenzi wake huku mvua inakaribia. Nilisimama dirishani na kikapu changu cha sokoni, nikasahau nilikokuwa nakwenda. Tangu siku hiyo nikawa naishi ndani ya wimbo ule. Nikikanda unga, vidole vinaupiga. Nikitazama vilima vya Mbololo vikigeuka buluu jioni, nausikia unashuka kutoka kule, polepole.

Kitheka alikubali kunifundisha. Vidole vilishika upesi, lakini nikifungua mdomo kuimba, mikono inagoma. Nikiiendesha mikono, sauti inapotea. "Mkono wa kushoto uache uende," aliniambia kila siku. "Ukikosea maneno, ukikosea chochote, huo usisimame."

Katikati ya mambo hayo akaja mama mkwe wangu, mama yake Dishon, Mama Perez, kutoka Nyanza. Unakumbuka wengine huko walitaka Dishon aoe msichana wa kwao. Niliona wazi kwamba amekuja kunitazama. Na tungeongeaje? Yeye hajui Kiswahili, na mimi Kijaluo najua kusalimu tu. Dishon akienda kazini tunabaki wawili, kimya, kila mtu na kikombe chake cha chai. Hata kutia chumvi kwenye mboga niliogopa.

Sikutaka kumwacha peke yake nyumbani, kwa hiyo nikawa nakwenda naye ukumbini. Aliketi karibu na mlango na kitambaa chake cha kushona, hatazami, hasemi. Nilidhani ananihukumu moyoni: mke gani huyu anayeacha nyumba aende kuimba nyimbo za mapenzi?

Sherehe ya reli, ambapo Kitheka alinipanga niupige na kuuimba ule wimbo, ilikuwa Jumamosi baada ya Krismasi, alasiri. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Nilivaa lile gauni la manjano ulilonishonea. Ubeti wa kwanza ulinitoka kama si mimi ninayeimba. Nilikuwa kama mtu anayeota na anajua anaota. Kisha nikainua macho, nikamwona Mama Perez ananitazama usoni, na maneno yote ya ubeti wa pili yakatoweka.

Mkono wa kushoto haukusimama. Ulizunguka, ukazunguka tena. Watu wakaanza kunong'ona. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikasikia sauti nyingine, nzito kidogo na tamu, imeingia mahali pake hasa. Mama Perez alikuwa amesimama, anaimba. Kwa Kijaluo, Dada! Wimbo ni uleule, maneno yake mwenyewe. Nilimfuata kwa mikono yangu mpaka ubeti ukaisha, kisha kiitikio tukaimba pamoja, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, na wanawake wa Nyanza waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele.

Njiani nilimwuliza Dishon mama yake alikuwa anaimba nini. Akanitafsiria:

"Alikuwa anakwambia, 'Mke wa mwanangu, usiogope, niko hapa, endelea kupiga.' Ni hayo tu, akawa anayarudia."

Nililia palepale barabarani, wala sikujali nani ananiona.

Ameondoka kwa treni Ijumaa iliyopita. Tulipomsindikiza, alinishika vidole kupitia dirisha, akavitazama kama anavijua sasa, akamwambia Dishon maneno marefu. Kumbe kanisani kwao kuna kinanda ambacho hakuna anayejua kukipiga. Ametaka Dishon anipeleke wakati wa Pasaka. Atakipangusa vumbi yeye mwenyewe, na mtu yeyote akitaka kukalia kile kiti cha kinanda, atamwambia ainuke, mpigaji wake yuko njiani.

Nisalimie Shemeji, umbusu mtoto, na umpe mkono Mama Wakio jirani yako. Mungu awafunike nyote kwa huruma yake, mkilala na mkiamka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata nchi zikitutenga,

Priscilla