Wimbo Wetu wa Meneja

Satsuki, nimekwisha. Bosi kausikia wimbo wetu, "Meneja Kalala".

Huo huo mashabiki walioupigia kura kuliko nyimbo zetu zote!

Kanifuata leo kiwandani, pale kwenye mashine ya kukatia tofu ya soya. "Tokunaga, ile bendi ya panki ni yako?" Nikasema ndiyo. "Na huyo meneja anayelalia meza ni mimi?"

Nikasema ndiyo. Satsuki, NILISEMA NDIYO.

Hakufoka. Kasema mkewe huuimba akiosha vyombo.

Halafu akasema, "Ila siku ile uliponiona nimeinamia meza sikulala. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nimetoka kumzika mama."



Jumamosi Osaka nzima itaudai huo wimbo, na yeye kaomba tiketi mbili. Nimempa.

Wewe una ngoma za kujifichia. Mimi nitaimba nikitazama wapi?