Sahihi Iliyotiwa Baada ya Mazishi

Shangazi Ndinda,

Kitabu cha matengenezo ya ndege kinasema ulikuwa kazini wiki tatu baada ya sisi kukuzika Mwala. Nilikisoma mwenyewe, Jumamosi moja saa nane mchana, nikiwa mezani kwetu na chai inapoa mbele yangu. Jina lako liko pale, na namba ya leseni yako, na muhuri wako wa bluu. Kinasema uliikagua ndege ukaiona inafaa kuruka. Nilihesabu siku kwa vidole mara mbili. Kisha nikatoka nje nikatapika karibu na tangi la maji. Mama alidhani ni muthokoi, yale mahindi na maharage ya jana.

Sijakuandikia tangu ulipotuacha. Nilianza mara moja nikashindwa kuvuka jina lako. Leo naandika kwa hasira, na hasira imenisaidia kuvuka. Nataka ujue yaliyotendwa kwa jina lako. Pia nataka kukiri sehemu yangu, kwa sababu muhuri ule ni mimi niliyeutoa.

Ilikuwa siku ile ya kugawa vitu vyako. Fundi Kilonzo alikuja. Mlikuwa mmefanya kazi pamoja miaka mingi katika hanga moja la ndege, na kaburini alilia mpaka Susu, nyanya yangu, akampa leso yake. Wengine walichukua spana, mimi nikaachiwa tochi yako. Kilonzo akaniita pembeni akasema, "Mwende mama, mimi sitaki vyuma. Nipe kitu kidogo tu cha kumkumbuka dada yangu. Hata ule muhuri, si hauna kazi tena?" Nikautoa katika mkebe wa biskuti. Nikaupangusa kwa sketi yangu. Nikampa kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, kama mlivyonifundisha. Akasema, "Mungu akubariki."

Mikono hiyo miwili inanichukiza mpaka leo.

Sasa nikueleze ndege yenyewe. Ile zahanati ya kanisa anakofanyia kazi Mama imeamua kununua ndege iliyotumika, ya kumpeleka daktari na dawa kwenye vijiji vya mbali kule kwenye ukame, ambako mvua ikinyesha barabara hukatika na wajawazito wakakwama. Mchungaji ndiye mwenyekiti wa kamati. Mama ndiye katibu, na ndiye muuguzi atakayekaa katika ndege hiyo kila Alhamisi. Kwa hiyo wao walipokuwa wanazungumzia ndege, mimi nilikuwa namwona Mama, na mkanda ukiwa umemfunga kiunoni.

Zilikuwa mbili za kuchagua, na Mama alinichukua twende naye kuziona. "Shangazi yako alikufundisha kitu," alisema. "Njoo na tochi."

Ya kwanza aliileta Kilonzo. Ndiyo, siku hizi anauza ndege. Ilikuwa nyeupe pepepe, ina mistari ya samawati, viti vya ngozi, na skrini mbele ya rubani kubwa kama televisheni ya Susu. Magurudumu yake yalikuwa yamevikwa vifuniko vinavyong'aa. Nilikumbuka mara moja ulivyocheka ulipoona ndege ya namna hiyo: "Ndege ya porini haivai viatu vya harusi, kana kakwa, mwanangu. Tope likijaa humo ndani, bibi harusi haondoki."

Ya pili ilikuwa ya Kapteni Njoroge, rubani mstaafu anayelima karibu na Katelembo. Aiii, Shangazi, ilikuwa mbaya! Rangi imebabuka, tumbo limejaa alama za mawe, viraka viwili mkiani, viti vimeshonwa kwa turubai. Lakini magurudumu ni makubwa, hayajavikwa kitu. Mzee mwenyewe hakusifu chochote. Alisema, "Hii iliwahi kugonga ngiri ikitua. Imeandikwa kwenye kitabu chake. Na huo mlango wa kushoto, bila teke haufungi." Wanakamati walitazamana wakatabasamu, kama watu walioonyeshwa mchumba mwenye meno matatu.

Nilienda kwenye ile nyeupe nikaanza na mkia, kama ulivyonizoesha kila likizo. Macho hudanganywa na rangi, ulikuwa unasema, lakini pua haipakwi rangi. Nikaingiza kichwa. Kwanza nikakutana na ile dawa ya kunukia ya magari, stroberi, kali ya kuumiza kichwa. Chini ya stroberi kulikuwa na kitu kingine, kizito, cha uvundo. Nikapitisha kidole nyuma ya kitambaa cha ukutani. Kikatoka na nyasi zenye unyevu, manyoya, na unga mweupe. Ulinionyesha unga huo mara moja tu na sijausahau: mkojo wa panya umekula bati, na pale penye unga bati limekuwa biskuti.

Nilipotoa kichwa ili niseme, Kilonzo alikuwa ameshavua kofia. "Mchungaji," alisema, "kabla hatujagusa chochote, si tuombe?"

Aliwajua wateja wake vizuri sana. Unawajua na wewe. Mchungaji akatoa chupa ya mafuta, akapaka pua ya ndege, tukashikana mikono kuizunguka. Aliombea injini, akaombea mbawa, akaombea wote watakaopanda. Mtu alikuwa amekuja na utepe mwekundu. Picha zikapigwa. Baada ya hapo haikuwa ndege tena, ilikuwa jibu la maombi, na nani atalikagua jibu la maombi?

Mimi nilisimama kati ya Mama na mzee Mutua wa kamati, kidole nimekitenga na sketi. Wakubwa walikuwa wanaomba, na mimi nimelelewa nisiwakatize wakubwa. Nikasema amina na mkojo wa panya kwenye ukucha.

Njiani kurudi Mama aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia kuna harufu. Akaniuliza harufu gani. Nikasema ya panya kidogo. Kidogo! Kwa nini nilisema kidogo? Mama akasema tutawaambia waisafishe. Unaona jinsi jambo linavyopungua likitoka kwenye mdomo wa mwoga? Kufika njiapanda ya Kyumbi lilikuwa limekuwa ufagio na sabuni.

Jumamosi Mama alileta vitabu vya ndege zote mbili nyumbani, avitengenezee nakala kabla ya kamati kutia saini Jumapili. Nilianza na cha Kapteni Njoroge kwa sababu nilitaka kusoma habari za ngiri. Na pale, Shangazi, nikakukuta wewe. Sikuwa najua kwamba uliwahi kuifanyia kazi. Mwandiko wako uleule wa kukandamiza, mpaka nyuma ya ukurasa mtu anaweza kuusoma kwa kidole. Mguu wa gurudumu la kushoto umebadilishwa, ribiti zinazoshika bati zimekaguliwa, ufa haukuonekana. Kila kitu kwa Kiingereza cha kazi. Na chini kabisa, kwa Kiswahili, maneno mawili: "Nimeruka nayo."

Nililia. Si kilio kibaya. Nilikuona umekaa kando ya rubani katika safari ya kwanza baada ya matengenezo, ukitafuna njugu karanga na kumpa rubani maganda akushikie. Nilikuuliza siku moja kwa nini hupandi safari ya pili, ukishajua ya kwanza imerudi salama. Ukasema, "Anayetia sahihi huruka kwanza. Kama siwezi kuruka nayo, basi nimeandika uongo."

Ndipo nikafungua kitabu cha ile nyeupe nikakukuta tena. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu baada ya mazishi. Na chini hapakuwa na neno lolote. Mwandiko ulikuwa laini, wa mtu asiye na haraka na asiye na aibu. Mengine nimeshakueleza, ya tangi la maji.

Mama alisoma akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa cha mezani, akakifunga kile kitabu kwa kitambaa, bila kukigusa, jinsi anavyookota bendeji chafu wodini. "Nimeona vidonda vingi," alisema, "lakini hiki kimefungwa plasta juu ya usaha na mtu anayejua kuna usaha." Kisha akanitazama. "Mwende, ile harufu ilikuwa kidogo kweli?" Nikasema, "Hapana, Mama."

Kesho yake kamati ilikutana baada ya ibada, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Kilonzo alikuwapo, amevaa tai. Mama aliweka vitabu mezani akaeleza kuhusu tarehe. Ningependa kukuambia kwamba walishtuka. Mchungaji alivua miwani akaipangusa. "Sista," alisema, "ndege imeshaombewa."

Mzee Mutua akaongeza, "Na picha zimeenda kwa washirika wote. Tukiikataa leo, watu watasema Mungu alikosea?"

Kilonzo alicheka kwa upole, kile kicheko cha mtu anayemsamehe mwingine. "Ni karani aliandika tarehe vibaya, jameni. Makosa madogo. Ndinda aliikagua akiwa hai, mimi nilikuwepo. Lakini niwaulize, huyu mtoto ako kidato cha tatu, amejulia ndege wapi? Ama ni rubani wa boda boda?"

Walicheka. Hata Mchungaji alicheka kidogo. Mama akanigusa mgongo: "Simama useme."

Nikasimama. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nilisema, "Fundi, shangazi alikuwa na sheria yake, na wewe unaijua. Anayetia sahihi huruka kwanza. Akisharuka huandika. Ameandika kwa ndege ya Kapteni, someni. Kwa hii yako hakuandika. Na huyo aliyetia sahihi yuko Mwala, chini ya mchanga na maua ya plastiki. Sasa, kwa niaba yake, ataruka nani? Utaruka wewe na watoto wako, Alhamisi, kabla ya Mama?"

Kilonzo alitazama simu yake. Akaigeuza. Akasema, "Kwani ni lazima niruke mimi?"

Basi. Ni hayo tu aliyosema. Mchungaji aliinua kichwa polepole. "Kilonzo," alisema, "tuliposhikana mikono, niliwaombea wote watakaopanda. Wewe hukuwamo?"

Mchungaji akaagiza ndege ifunguliwe, na siku iliyofuata Kapteni Njoroge alifungua ubawa wa ile nyeupe mbele ya kamati nzima. Kiota kilianguka, na kingine, vikajaza ndoo. Vitoto vya panya vilivyokauka. Bati la ndani lilivunjika chini ya kidole cha mzee Mutua, naye akakaa akikitazama hicho kidole muda mrefu. Mafuta ya Mchungaji yalikuwa bado yanang'aa kwenye pua ya ndege.

Unadhani yaliishia hapo vizuri? Nisikilize. Walikubali palepale kuchukua ile ya Kapteni. Lakini kuhusu Kilonzo walisema ni mtu wetu, ana familia, tusimharibie jina. Jina lake, Shangazi! Lako halikutajwa. Halafu, ili kuonyesha kwamba hakuna kinyongo, wakamwomba yeye afunge mkutano wa siku hiyo kwa sala. Na akafunga. Sauti nzuri sana. Aliomba umoja. Mama hakufumba macho na mimi sikufumba, tukatazamana muda wote ule, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusema amina.

Nilimwandikia Kilonzo arudishe muhuri. Aliutuma na mtu wa boda, ndani ya bahasha, bila neno lolote. Sikuuingiza katika mkebe wa biskuti. Mama ameupeleka, pamoja na nakala za kurasa zote mbili, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia ndege, kwa mkono, akadai wamtilie sahihi ya kupokea. Hawajajibu. Ile nyeupe bado inatangazwa kwenye simu za watu. Chini ya picha imeandikwa kwamba imekaguliwa. Nikiiona natema mate, Mama ananikataza, halafu yeye mwenyewe anatazama pembeni. Kila wiki anapiga simu ile ofisi. Nadhani watachoka kabla yake.

Alhamisi iliyopita Mama aliruka mara ya kwanza. Fundi wa sasa anaitwa Syombua, ni msichana mrembo mwenye mikono myeusi kwa grisi. Hakuijua sheria yako. Nilipomweleza alicheka, akaniuliza kama na yeye atapewa njugu. Kisha Jumatano, siku moja kabla ya Mama, akapanda na Kapteni, wakazunguka juu ya vilima na kurudi, akashuka akaomba kalamu. Sikumwambia aandike nini. Nilimwonyesha tu ukurasa wako, akausoma kwa kidole kutoka nyuma.

Asubuhi yake Mama alipiga mlango teke mara tatu ndipo ukafunga. Ndege ilikwenda ikirukaruka kwenye changarawe, sura mbaya vilevile, ikaacha ardhi mapema kuliko nilivyotarajia. Jioni ilirudi na Mama. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na alikuwa na njaa.

Lala salama, Shangazi. Sitatoa tena kitu chako kwa mtu kwa sababu tu amelia vizuri. Nikinusa kibaya nitasema ni kibaya, hata kama mikono imeshashikana. Hesabu na fizikia ninazisoma kweli, waulize walimu wangu. Na siku nitakapopata muhuri wangu mwenyewe, nitakuja Mwala na kitabu, nikusomee ukurasa wangu wa kwanza mpaka chini, mpaka maneno yale mawili. Nitakuja baada ya kutua.

Wako,
Mwende