Upinde wa Mkono wa Kushoto

Baba,

Upinde wako umevunjika. Nilitaka uyasikie haya kwangu.

Aliuvunja Baba Mdogo, na usimkasirikie. Alikuja kwa basi kutoka Texas, amevimba macho, na tulipofika makaburini akauomba. Alisema hivyo ndivyo mlivyomzika Babu kule nyumbani Fizi: mwindaji akilazwa, nduguye huvuta uzi wa upinde wake na kuuachia bila mshale, ili porini wajue. Mimi nilikuwa nimemshika Mama. Nilipogeuka, alikwisha kuvuta.

Upinde wa Babu ulikuwa mti na kamba ya ngozi. Wako una vigurudumu na nyaya, na nguvu isipopata mshale wa kuibeba hurudi kwenye upinde wenyewe. Ulipasuka. Vipande vikamwingia mkononi. Theluji iliyobaki ikapata matone mekundu, na Baba Mdogo akatazama mkono wake, kisha jeneza lako, akasema, “Kaka amenikatala.”

Nimempigia simu mara nyingi kumweleza kwamba pinde za siku hizi hazivumilii kuachiwa tupu, kwamba ungevunjika hata mikononi mwako. Hunisikiliza hadi mwisho. Kisha husema, “Wewe umesoma,” na kuuliza habari za Mama.

Mama hapiti tena barabara kuu ya kwenda Burnsville. Akiwa na safari ya upande huo huzunguka mitaani, taa baada ya taa, ili asilione lile eneo la kuegesha magari walikokukuta ndani ya gari lako, zamu yako ya usafi imekwisha, mkanda umefungwa. Gari bado linanuka dawa ya sakafu. Mimi nimerudi kukaa naye Columbia Heights, chumba changu cha zamani. Tunapika chakula kingi mno.

Majani yanakaribia kubadilika rangi, na kanisani wameanza kuulizana. Kuna familia imefika mji wa New Hope kutoka kambi ya wakimbizi, mama mmoja na watoto wake na bibi yao. Unajua wanachouliza watu. Miaka yote paja la kwanza la kulungu wako lilikwenda kwa waliofika mwisho, ili nyama yao ya kwanza ya msimu katika nchi hii isitoke dukani. Nilidhani Mama atawaambia jambo hilo limekufa nawe. Aliwaambia litakuja. Kisha akanitazama.

Basi nikaenda kutafuta upinde.

Tangu nilipouacha, nikaenda chuo, pinde zimekuwa fupi na nyepesi. Kuna nyingine unaweza kuzishika kwa vidole viwili. Muuzaji alikuwa mwanamke wa rika la Mama. Akaninyoosha mikono kama msalaba, akapima kutoka ncha hadi ncha, apate kujua uzi wangu uvutwe hadi wapi. Kisha akaniambia niunganishe viganja niache tundu dogo, niitazame saa ya ukutani kupitia tundu hilo, nifumbe jicho moja baada ya jingine. Nilipofumba la kulia, saa ilikuwepo. Nilipofumba la kushoto, saa ikatoweka.

Akasema mimi hulenga kwa jicho la kushoto, nimezaliwa hivyo, na inafaa nivute kwa mkono wa kushoto. Akauliza ni nani aliyenifundisha kuvuta kwa kulia. Nikasema, baba yangu. Akasema nikamwambie.

Unakumbuka siku ya kwanza? Niliushika mwenyewe, bila kuambiwa, na mkono uliokwenda kwenye uzi ulikuwa wa kushoto. Ukanigeuza mabega taratibu. “Mukono ya kushoto haipokeye, haitoe,” ulisema. Ukanieleza kuwa kuua mnyama ni kumpokea, na hakuna anayepokea uhai kwa mkono huo. Nikatii. Na mishale yangu ikaenda kushoto. Siku zote kushoto, Baba, hata nilipojitahidi hadi bega likatetemeka. Ulikuwa ukiichomoa kimya kimya, na ukirudi ulisema neno lile lile: “Moyo yako haitulie. Iko na hasira.”

Niliamini. Nilikuwa msichana mtulivu kuliko wote niliowajua, nikaanza kujichunguza kutafuta hasira uliyoiona. Anayetafuta kitu cha namna hiyo hukipata. Nilipokipata nilikielekeza kwako. Niliacha upinde, kisha niliacha kuja nyumbani majira ya kulungu, kisha simu zetu zikawa za kuulizana hali ya hewa. Wewe uliyesema moyo wangu hautulii, ni wako uliosimama.

Na kumbe lilikuwa jicho. Jicho tu. Nilisimama dukani nikitafuta mtu wa kumwambia, na aliyestahili kuambiwa yuko chini ya udongo niliouona ukimwagwa.

Mwanamke yule aliweka mezani pinde mbili za aina moja, moja ya kulia, moja ya kushoto, akapunguza nguvu inayohitajika kuzivuta kwa kuwa misuli yangu imesahau. Nyuma ya duka kuna mahali pa kujaribia. Nikaanza na wa kulia. Mshale ukaenda kule kule. Nikashika wa kushoto, nikakuomba msamaha kwa Kiswahili, kwa sauti, naye akajifanya anapanga sanduku. Nikavuta. Ile sehemu ngumu ikapita, uzi ukalegea shavuni kama ulivyonifundisha kuusubiri. Nikaachia.

Ukaingia katikati. Nilitamani ukose, Baba. Nilitamani kwa moyo wote ukose.

Nimeununua. Mama aliniona nikifanya mazoezi ya kuvuta mbele ya kioo cha ukumbini, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. “Baba yako angesema,” akaanza. Kisha akasema, “Angesema,” akarudi jikoni.

Wako nimeutundika ulipokuwa, na ufa wake.

Sitakudanganya kwamba nimekusamehe, wala kwamba nimetulia. Lakini nitakwenda porini majira haya, na nitavuta kwa mkono ulionikataza, kwa sababu familia ile ya New Hope inangoja, na kwa kulia nitamjeruhi tu mnyama, aende kufia nisikomwona. Ninachokuahidi ni hiki: paja nitalibeba mwenyewe hadi mlangoni mwao, na nitamkabidhi bibi yao kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, kama ulivyotulea. Akiuliza limetoka kwa nani, nitataja jina lako.

Lala, Baba. Usiponiona vizuri, tazama upande wa kushoto.

Mwanao,
Neema