Yaya Saidi, Amisi Anakwenda Kabambare

Yaya Saidi, kaka yangu wa pekee,

Nakuandikia nikiwa uwanjani, kwenye ile ngazi ya saruji uliyokuwa ukikaa kuvua viatu, asubuhi hii kabla jua halijawa kali. Nikimaliza nitaibandika barua hii kwenye ukuta wa nyuma ya kikapu, karibu na ratiba ya mechi, Kasongo nzima iisome. Nimeamua hivyo kwa sababu maneno yameshaanza. Sokoni wanasema Zaina amemuuza mtoto wa marehemu. Basi waje wasome kwanza, halafu wanisengenye wakijua wanachosengenya.

Jambo lenyewe ni hili. Timu ya mpira wa kikapu ya Kabambare inamtaka Amisi, mwanao. Badala yake wanatupa Ramazani, yule mrefu wa Wamaza, pivo wao, mtu wa kusimama chini ya kikapu na kuzuia. Ni mtu kwa mtu, mkataba kwa mkataba, bila nyongeza. Karatasi zinatakiwa zifike kwa kamati ya ligi kesho Ijumaa kabla ya swala. Amisi ndiye anayetufungia kuliko wote. Ramazani ana goti bovu. Sasa unaelewa kwa nini watu wanapiga kelele.

Unakumbuka ulivyonifundisha kazi ya daftari? Nilikuwa bado shuleni. Ulinichorea uwanja kwenye karatasi, ukaniambia kila pointi ya wapinzani niitilie msalaba mahali ilipotokea. Pointi zetu hukuzijali. Mechi ikiisha, wenzako wanakumbatiana, wewe unanijia na jasho lako: "Zaina, unionyeshe fasi kwenye tunavuja." Mahali tunapofungwa, hapo tu ndipo ulipotaka kupaona. Hata ile wiki uliyolala na malaria uliitisha daftari kitandani, mama akakasirika, akasema atalitia kwenye moto wa kupikia ugali. Ulilificha chini ya mto. Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa chumbani.

Tangu ulipotuacha, misimu miwili ya mvua sasa, filimbi yako ya ukocha ninayo mimi. Walisema mwanamke hawezi. Wengine bado wanasema, ila sasa wanasema wakiwa mbali kidogo. Daftari sikuliacha. Msimu uliopita, Yaya, ile misalaba ilijaa chini ya kikapu chetu mpaka kalamu ilitoboa karatasi. Mtu anaingia kama anaingia kwake, anapanda, anafunga, anarudi akitabasamu. Amisi anafunga huku, tunafungwa kule, na mwisho tunapoteza kwa pointi mbili tatu huku mashabiki wakimbeba Amisi mabegani. Nimechoka kubeba mtu mabegani siku ya kushindwa.

Pivo wa mwisho wa kweli tuliyekuwa naye ni wewe. Wala hukuwa mrefu sana, tusidanganyane. Ulikuwa mkaidi.

Nilipopata barua ya Kabambare sikukimbilia kalamu. Nilikumbuka habari ya Kalonda, yule mchezaji wetu wa zamani. Ulimbadilisha na timu ya Nyangwe kwa barua tu, iliyokwenda kwa pikipiki na kurudi na muhuri, ukajiona kiongozi wa kisasa. Jumapili yake mama yake Kalonda akashuka kutoka shambani, akapita katikati ya wachezaji, akatandika mkeka chini ya kikapu, akamwaga maharage yake na kuanza kuyachambua. Mwamuzi akambembeleza. Yeye hata hakuinua kichwa. "Mutoto wangu haiko mbuzi," alisema. "Munamubadirisha bila kuniuliza? Sasa mupite juu yangu." Watu walicheka, lakini wewe hukucheka. Ulipiga magoti pale kwenye saruji, mbele ya Nyangwe wote, ukamwomba radhi, na mechi ikachezwa kesho yake.

Tangu siku ile ndiyo tuna desturi yetu, na timu zote za huku zimeifuata: mchezaji habadilishwi mpaka mama yake aulizwe nyumbani kwake, kwa kuku mmoja na kitenge. Akikataa, karatasi inachanwa. Wageni kutoka Kindu wakisikia wanatucheka. Wacheke.

Kwa hiyo Jumatatu nilipanda pikipiki na kuku mapajani, nikaenda Wamaza. Njia unaijua. Tulisukuma kuliko tulivyopanda. Nilimkuta Ramazani kwenye uwanja wa udongo wa shule, anacheza na vijana wa kijiji. Nilikaa pembeni bila kujitambulisha, nikafungua daftari.

Yaya, ningependa ungemwona. Haruki ovyo. Wengine wakiona mpira wanarukia kama kuku kwenye mahindi, yeye anasimama, mikono juu, anangoja mtu atoe alichonacho. Na anasema muda wote. "Kushoto! Kushoto kwako! Mimi niko hapa!" Kila mara mtu alipokata kuingia, aliikuta ile sauti imeshamfungia njia kabla ya mikono. Kwa muda wote niliokaa pale nilitia misalaba miwili tu chini ya kikapu chake.

Kisha nikamwona akitoka. Alishuka kwenye kile kibaraza cha shule kwa mguu mmoja mmoja, kama mzee, akishika ukuta.

Nilijitambulisha, nikamwuliza goti likoje. Nilitegemea atanidanganya, maana mchezaji anayetaka timu husema hana ugonjwa tangu azaliwe. Akakunja suruali akanionyesha. "Mama kocha, goti hii siku ingine inakataa," akasema. "Siku inakubali, hakuna mutu anapita. Siku inakataa, nitakuambia asubuhi, sitakudanganya." Daktari aliyemwona anasema linaweza kudumu misimu mingi, linaweza kuisha mwezi ujao. Hilo ndilo jibu lote nililopata.

Nyumbani kwao, mama yake alipokea kuku, akaacha kitenge kwenye kiti bila kukigusa. Aliniangalia sana. "Goti ya mutoto umeiona leo na macho yako," akasema. "Kama inavunjika kesho, usinirudishie mutu kama sufuria yenye imetoboka. Utakaa naye. Utamutafutia kazi ya kufanya." Niliogopa kweli. Nikikubali neno lile, goti likifa nitakuwa na mtu asiyecheza na Amisi atakuwa ameshakwenda, na hakuna wa kunirudishia. Nilipiga hesabu zangu za woga, kisha nikasema ndiyo, nitakaa naye. Ndipo akachukua kitenge.

Nilirudi kutoka Wamaza nikijiona nimemaliza kazi ngumu. Kumbe ile ngumu ilikuwa hapa hapa mtaani, kwa wifi yangu, mjane wako.

Nilimkuta Mariamu anaanika mihogo. Nilikuwa na kuku na kitenge kama kwa mama mwingine yeyote, na aliponiona hivyo alijua. Alikaa chini. Nilianza kumweleza habari ya pivo, na misalaba, na Ramazani, nikasikia sauti yangu inakwenda mbio. Nilitegemea alie, au anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Amisi mwenyewe, umemuuliza?"

Sikuwa nimemwuliza.

Hebu fikiri. Nimekwenda Wamaza na kurudi, nimewaona mama wawili, nimechafua nguo, nimeapa viapo, na mwenye miguu yake na mikono yake sijamwambia neno. Na tangu Kalonda hatujawahi kumwuliza mchezaji hata mmoja. Tuliona mama akisema ndiyo, basi imekwisha. Hata Kalonda mwenyewe, Yaya, tulimwuliza lini? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mariamu hakunisamehe haraka. "Nenda kwanza," akasema, "kuku wako atangoja."

Amisi nilimkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, njia ya msikitini. Alikuwa anaziba mpira wa ndani, mikono imejaa gundi. Alikuwa ameshasikia, bila shaka. Sokoni walimwambia kabla yangu. Hakusimama kunisalimia, na unajua mwanao ana adabu.

"Shangazi, munauliza mama ya kila mutu," akasema. "Mimi munaniweka fasi gani?"

Nilimwomba radhi. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama juani, wateja wakisikia, na sikutafuta neno la kujikinga. Kisha nikamwambia ukweli: kwamba simfukuzi, kwamba bila mtu wa kuzuia tutaendelea kushindwa yeye akiwa mabegani, na kwamba akikataa, barua ya Kabambare naichana pale pale mbele yake.

Alimaliza kuziba mpira. Aliutumbukiza kwenye beseni la maji kuangalia kama unatoa hewa, akaangalia muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Tangu baba alikufa," akasema, "nikifunga, watu wanaita jina ya baba. Nikikosa, wanasema baba angelia. Hapa niko nacheza juu ya baba, kwa jina yake. Kule nitacheza juu yangu." Akapangusa mikono. "Nitaenda. Lakini siku tutarudi kucheza hapa, usinionee huruma. Huyo Ramazani umuweke kwangu. Asiniachie hata moja."

Nililia, Yaya, nakwambia wazi na watu wasome. Nililia pale kati ya mafremu ya baiskeli, na mwanao akanipa kitambaa chenye mafuta nikajipaka uso mzima. Alicheka. Ana kicheko chako kile cha puani.

Jioni ile ile Mariamu alimchinja kuku. Alinipakulia paja.

Sasa wanaosoma ukutani hapa, mniache niseme. Naweza kuwa nimekosea. Goti la Ramazani linaweza kukataa mechi ya kwanza tu, na nitakuwa mimi niliyemtoa mfungaji wetu kwa mtu wa kukaa kwenye ngazi. Nikifika hapo, Ramazani atakaa kwangu kama nilivyomwahidi mama yake, atafundisha watoto kusimama na kusema, na lawama nitazibeba mimi. Lakini ninajua tunapovuja. Nimepajua kwa miaka. Mtu anayejua paa lake linavuja wapi na bado anaendelea kununua mapazia, huyo mimi siwezi kumwelewa.

Nawe, Yaya, nimeikalia barua hii tangu alfajiri nikitafuta maneno ya kukuomba ruhusa. Nimeandika ya kwanza nikachana. Nimeandika ya pili, nayo nikachana. Kila nikikuomba, ninayejibu ni mimi, kwa sauti yako, na kila mara unajibu ninachotaka. Nimekuwa nikifanya hivyo misimu miwili. Nikipanga wachezaji nasema Saidi angepanga hivi. Nikimtoa mtu nasema Saidi angemtoa. Amisi amechoka kucheza kwa jina lako, na mimi nimechoka kupiga filimbi kwa jina lako, na wewe nadhani umechoka kuliko sote, maana tulikuzika upumzike na hatujakuacha upumzike.

Kwa hiyo mama wawili nimewauliza, mchezaji nimemwuliza, na Ramazani mwenyewe nilimtumia neno jana, amekubali. Wewe sikuulizi. Nakuarifu tu. Kesho asubuhi nitatia saini, na siku Kabambare watakapokuja hapa nitamwambia Ramazani asimame mbele ya mwanao na asimwachie hata moja. Akipitwa nitamgombeza. Amisi akifunga, nitautia msalaba kwenye daftari kama wa mtu mwingine yeyote.

Lala sasa, kaka yangu. Lala kweli.

Ni mimi mdogo wako Zaina,
shangazi wa Amisi,
kocha.